Betri ya Fundi

Mlinzi wa duka kubwa alikuwa tayari ameinua kile kirungu chake cha kukagulia vyuma wakati fundi alipojishika kifua upande wa kushoto.

"Mashine ya moyo," alisema. "Hicho usikilete huku."

Mlinzi alirudi nyuma kana kwamba ameambiwa kuna bomu, akafungua kamba ya pembeni. "Pole, mzee. Pita huku. Mama yeye aje hapa nimkague."

"Mama ndiye anayenishikilia," fundi alisema. "Nikianguka, utanidaka wewe?"

Mlinzi alimpima kwa macho. Fundi alikuwa na mabega ya mtu aliyebeba mageti ya chuma tangu ujana wake. Akaamua wapite wote wawili. Nyuma yao mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba wake wa namna hii wamekwisha duniani.

Mtaa mzima ulijua habari ya betri ya fundi. Siku waliporudi kutoka hospitali ya mji wa jirani, fundi ndiye aliyetangulia kushuka kwenye teksi, akaegemea mlango, akawaeleza majirani kabla hawajauliza. Imewekwa chini ya ngozi, inaushtua moyo ukizembea. Simu haikai mfuko wa shati. Sumaku, marufuku. Spika kubwa, marufuku kuziegemea. Na ile mashine ya kuchomelea iliyoko uani, iondoke leo hii.

Iliondoka. Ilichukuliwa na mdogo wake, akahamia nayo mtaa mwingine. Hilo ndilo lililomuuma fundi kuliko yote. Alikuwa mtu ambaye geti lake ulilitambua kwa kulifunga: hulipigi teke, huliinui, linatii kidole. Sasa alikuwa akipaka rangi mageti yaliyochomelewa na wengine, akiyaona makosa yao yote na kunyamaza, huku wapita njia wakiteremsha sauti kana kwamba wamefika msibani. Alichukia kuhurumiwa. Alijibu "nashukuru, naendelea vizuri," akachovya brashi.

Tatizo ni kwamba alikuwa akijisahau. Kuna siku jirani wa kike alimkuta juu ya ngazi, mkono wa kushoto umenyooka hewani na kopo zima la rangi.

"Shemeji! Si mlisema mkono wa kushoto usipande juu ya bega mpaka kidonda kipone?"

Fundi aliushusha upesi, rangi ikammwagikia kiatuni. "Ahsante, shemeji. Ningejiua bure."

Mkewe naye alikuwa amebadilika. Zile nywele alizozoea kujisuka mwenyewe alizikata zote. Wanawake walipomuuliza, alisema hana nafasi ya kushika kitana na nyumba ina mgonjwa. Wakamwelewa, wakamsifu.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa anastaafu. Kiti kile alikitamani tangu alipokuwa akiwafundisha watoto wadogo kushika kalamu, na fundi alikitamani kwa ajili yake hata zaidi. Kilichobaki ni mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye alikuwa na tabia moja: kila anayefikiriwa kupewa cheo, humfuata nyumbani kwake, akanywa chai, akaangalia.

Alifika mchana uleule waliotoka duka kubwa, biskuti walizomnunulia hazijatoka hata kwenye mfuko wa duka.

"Nitasema wazi," alisema alipomaliza kikombe. "Shule inataka mtu wa kukimbia. Mwalimu wa hesabu tulimwacha kwa sababu ya sukari tu. Wewe, mwalimu, sina shaka nawe. Shaka yangu ni huyu mgonjwa wako. Utaweza?"

"Mgonjwa hanisumbui," mwalimu alisema.

"Hata kidogo," fundi aliongeza.

Mwenyekiti alitikisa kichwa, hajaridhika. Akatoa simu amwonyeshe mwalimu picha za madarasa mapya. Akasogea, akamwinamia, simu ikakaribia kola ya blauzi. Fundi aliruka kutoka kwenye kochi lililokuwa upande wa pili wa chumba, akaidaka.

"Simu, mwenyekiti! Tuiweke mezani, tafadhali."

"Lakini wewe ulikuwa kule!"

Fundi akajishika kifua, kwa kuchelewa kidogo. "Mimi ni mwoga tu," alisema, na jasho lililomtoka lilikuwa la kweli.

Mwenyekiti alimtazama mume, akamtazama mke. Hakuna aliyegusa biskuti. Kisha akaangua kicheko mpaka kikombe kikatikisika kwenye kisahani.

"Mwanamke anayeishi na vituko hivi, na bado kila asubuhi anafika kazini wa kwanza, shule haiwezi kumshinda. Jumatatu, mwalimu, tunakukabidhi ofisi mbele ya wazazi."

Mlangoni alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili. "Jikaze, ndugu yangu. Mshukuru Mungu kwa mke uliyepewa."

"Namshukuru kila siku," fundi alisema.

Alifunga mlango, akasimama hapo akisikiliza mpaka hatua zikapotelea barabarani. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshafungua vifungo viwili vya juu vya blauzi. Fundi alichukua kopo la mafuta ya mgando, akaketi kando yake, akaanza kulipaka taratibu lile kovu lililo chini ya mtulinga wa kushoto wa mkewe, akizunguka pale ngozi ilipotuna, bila kuikandamiza.

"Jumatatu," mkewe alisema akiwa amefumba macho, "usichelewe kujishika kifua."