Swali kwa Mama Mkwe

"Mshtakiwa, muulize shahidi swali," alisema hakimu.

Ngosha, dereva wa bajaji, alimpa shahidi mgongo. Akishindwa, leseni inakwenda. Lakini shahidi ni mama mkwe wake, na mkwe hatazamwi usoni.

"Shikamoo mama. Umesema nilipita taa nyekundu. Uliionaje, nawe ulikaa nyuma yangu?"

Hata feni ilitega sikio.

"Marahaba, baba. Taa sikuiona. Nilijifunika kanga gubigubi, nani amkodolee mkwe macho? Hayo ya nyekundu aliniambia trafiki."

Mahakama nzima ikaguna. Mama akaishusha kanga, hakimu amwone akisema kweli.

Ngosha akasahau adabu, akageuka, akauona uso ule kwa mara ya kwanza. Mungu wangu! Ulikuwa wa mkewe, umezeeka vizuri.