Walii wa Siti Kewe

Aman Sakdiah alipiga magoti shambani, kwenye ukingo wa maporomoko ya udongo, ameshika mche wa kahawa. Kwao Wagayo mche haupandwi hivihivi. Huozeshwa kama binti, kwa jina la Siti Kewe, Bibi Kahawa.

Mama yake alimmiminia kahawa kutoka birika jeusi. Mwanawe akainusa, akaiweka chini. Ile harufu ya udongo wa mvua, sifa ya kahawa yao, leo ilikuwa harufu ya matope ya mafuriko.

"Haya, ozesha, mwanangu." Zamani angemwita Aman Sakdiah, Baba Sakdiah. Tangu mafuriko yamzoe Sakdiah, binti yake, mama alishindwa kulitamka jina hilo.

"Siti Kewe, nakuozesha kwa upepo. Shahidi wako ni udongo. Walii wako..."

Akageuka kutazama chini. Kule bondeni mto ulikuwa bado mwekundu kwa matope.

"Ni maji! Sema, walii wako ni maji!"

"Sisemi, mama."

"Acha ukaidi wewe! Bila walii wa kumwozesha binti, ndoa haisihi. Mti hautazaa."

Akafukia mizizi taratibu, akitoa vijiwe kimoja kimoja. Kisha akauinamia mche karibu kabisa.

"Walii wako ni mimi," akauambia. "Mimi, Aman Sakdiah."