Picha ya Kipaimara

"Huyu ni nani, mama?"

Lusia alishika picha mkono mmoja, bakuli la uji mkono wa pili. Selestina akakodoa macho. Msichana wa kipaimara, gauni jeupe, mwanya katikati ya meno ya mbele.

"Lusia," alisema.

"Tumeanza tena!" Uji ukarudishwa mezani. "Lusia ni mimi. Huyu ni Antonia, mtoto wa jirani. Alikufa. Haya, sema."

"Antonia. Alikufa."

Uji ukaja, umeshapoa.

Selestina alikunywa huku roho inamuuma. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya mengi, lakini kumsahau mtoto wake wa pekee, hilo aliliogopa kuliko kaburi. Alijaribu kumsemesha Lusia kwa Kiiraqw, lugha yao ya nyumbani, labda kingemsaidia yeye mwenyewe kukumbuka. Lusia alijibu kwa Kiswahili, kama kawaida. Miaka kumi na tisa ya mjini, alisema, lugha ilishamtoka.

Majirani pale Endabash walimsifu. Aliondoka binti mwembamba wa darasa la saba, amerudi mwanamke mzima, na kazi yake ni kumfundisha mama yake asubuhi na jioni. Wangapi siku hizi wana moyo huo?

Wiki ile ya kuandikisha hati ya kimila ya ardhi, mafunzo yalizidi ukali. Shamba la eka sita lilikuwa linahamia kwa mtoto, na mwenyekiti wa kijiji hakutaka maneno ya pembeni: mama mwenyewe amtambue mwanawe mbele ya mashahidi.

Alhamisi mwenyekiti na mashahidi wakaja, wakaketi uani.

"Mama Selestina, shikamoo. Mwanao ni yupi hapa?"

Akanyoosha kidole. "Huyu. Lusia wangu."

Wakapiga makofi. Dole gumba likachovywa kwenye wino, likagandamizwa. Selestina alilia kwa furaha, maana hakukosea.

Jioni ile Lusia alipanda gari la Karatu na karatasi zake. Ijumaa hakurudi. Jumamosi jirani ndiye aliyeleta uji.

Jumapili mwanamke mwenye begi la safari alipiga hodi. Akamsalimu kwa Kiiraqw, akapiga magoti mbele ya kigoda chake. Alipotabasamu, meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya.

"Mama, unanijua?"

Selestina alijibu upesi, asije akanyimwa uji.

"Nakujua. Wewe ni Antonia, mtoto wa jirani. Ulikufa."