Bangili ya Mwali

Kila mtu kwetu huvaa bangili inayopima mafuta ya mwili. Mafuta yakizidi, homoni zake huwachochea askari wa damu, zile chembe nyeupe za kinga, mpaka waushambulie mwili wenyewe. Bangili ikigeuka nyekundu, unachukuliwa. Dada yangu Mwanakheri alichukuliwa, hajarudi.

Leo ni siku ya ishirini tangu niwekwe ndani. Asubuhi bibi alikuwa akinilisha uji wa samli ninenepe kabla ya harusi.

“Bibi, imekuwa nyekundu.”

“Basi inafanana na hina yako. Fungua mdomo! Mwali hatolewi mifupa mitupu.”

Nikameza. Vidole vilikuwa vimevimba, vinawaka. Bangili ikaanza kulia. Bibi akaifunika kwa kanga, akaimba wimbo wa harusi kwa nguvu isisikike.

Majirani wakasikia wimbo. Wakaja mlangoni wakipiga vigelegele.