Nywele za Mkia wa Monseigneur

Straton alikuwa amepiga magoti nyuma ya ng'ombe asiye wake, Jumapili, saa ya misa, akimwomba Mungu jambo moja tu: asipigwe teke.

Dume huyo aliitwa Monseigneur, kwa ajili ya shingo nyeupe na mwendo wa taratibu. Alikuwa wa mjane Verdiane, amenona hadi mvua ilimteleza mgongoni. Kilima kizima juu ya mji wa Sake, Kivu, kiliapa kwamba hakuna nyama laini kuliko yake.

Mambo yalianza na Mama Dorothée, mganga wa mifugo wa koperative ya wafugaji, aliyeleta bahasha sita kwa wenye madume sita.

"Kila mutu achomoe nywele makumi tatu ku mukia ya ngombe yake, na mizizi yake," alisema. "Labo, ile nyumba ya kupima, itasoma ukoo mule ndani, itatuambia nyama ya nani njo laini. Ule mumoja atabakia dume ya kilima yote. Bale batano, tutabahasi."

"Na kama labo inakosea?" aliuliza Verdiane.

"Labo haikosee, mama. Batu njo banakosea."

Akapanda pikipiki kwenda Ntoto. Kuchomoa aliwaachia wao. Wasomi hawasubiri mateke.

Straton alikuwa na dume lake, Honorable, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikula mashamba ya wengine na hakuna aliyemhoji. Wakati wa vita Straton alikimbia na ng'ombe arobaini, akarudi na ndama mmoja mabegani. Ndama huyo ndiye Honorable. Akihasiwa, damu ya ng'ombe wa baba yake Straton imekwisha duniani. Na Honorable alikuwa mbavu tupu, misuli kama kamba za turubai. Watu walisema supu yake ingechemshwa mpaka Yesu arudi.

Basi Straton alichomoa kwa Monseigneur. Mkia ulikuwa mwembamba ajabu, umebaki kama fimbo ya katekista, lakini mwizi mwenye haraka hakagui mali.

Nyumbani, mkewe Mamy alimtazama toka chini hadi juu.

"Umetoka wapi na mavi ku suruali?"

"Misa."

"Misa ya nani? Ya ngombe?"

Baada ya miezi miwili Dorothée alirudi, karatasi mkono mmoja, koleo la kuhasi mkono mwingine. Watu wakajaa uwanjani.

"Niko na bahasha sita," alisema. "Tano zimetoka ku ngombe mumoja."

Wanaume watano waliangalia viatu vyao, kila mmoja akisikitikia uovu wa wenzake.

"Na ule ngombe, nyama yake iko nguvu kama mupira ya gari."

Straton nusura acheke. Kumbe Monseigneur!

"Ya sita ni ya Mama Verdiane. Laini! Labo haijaona nyama kama ile mu Kivu yote. Monseigneur njo atabakia."

Wanawake walipiga vigelegele. Straton alikunja uso. Nywele za Monseigneur alizichomoa kwa vidole vyake mwenyewe; mkia mmoja ungezaaje nyama mbili? Lakini swali kama hilo huwezi kuliuliza hadharani bila kujipeleka mwenyewe polisi.

"Tupime tena," alijaribu. "Safari hii uchomoe weye mwenyewe, Mama Dorothée."

"Na siku ile ulikuwa wapi, Papa Straton? Projet yenye inalipa labo inafunga kesho. Koleo iko hapa leo."

Walianza na Honorable. Wanaume wanne walimfunga kamba, na Straton akamshika pembe, akimwambia maneno ambayo watu hawakuyasikia. Koleo likabana mara moja, halafu mara ya pili. Honorable aliguna, kisha akainamisha kichwa kwenye tumbo la mwenye mali.

Verdiane alisogea, akampa Straton kitambaa chake cha kichwa afute macho. Akamwinamia sikioni.

"Pole, kaka. Ku Monseigneur nilikuta nywele zimeisha. Honorable yako iko mupole kweli. Nilimuchomoa zote makumi tatu, hata sikio hakutikisa."