Neno la Kumjibu Mhandisi

Mume wa Sikudhani alipofukiwa mgodini, mhandisi Mbulgaria aliombwa achimbe upesi. Kila mara alijibu, "Utre," yaani kesho. Walipochimba, walimkuta amekwisha kufa.

Sikudhani akamwendea Mwalimu Kibwana, aliyesoma Bulgaria.

"Nifundishe maneno yao ya wakati."

Alijifunza dnes, yaani leo, na sega, yaani sasa. Kisha akauliza, "Mtu akichelewa mno, wanamwambiaje?"

"Kasno. Lakini Bi Sikudhani, utamwambia nani?"

Alilirudia neno hilo mpaka likamkaa ulimini.

Mhandisi alipokuja kuomba msamaha, amekonda, kofia mkononi, Sikudhani alimtazama machoni.

"Kasno," akasema taratibu, ili limwingie.

Mhandisi akaketi kizingitini akilia. Sikudhani alishika mlango aufunge, lakini akauachilia, ukabaki nusu wazi.