Meno ya Nyuma

Kabla ya alfajiri nilisikia mswaki ukigonga kikombe. Mjukuu wangu alikuwa ameshaamka, anaogopa tusije tukachelewa kwa daktari wa meno.

Daktari humkagua kila baada ya miezi sita. Safari hii baba yake, mwanangu, alikuja nasi, maana jioni angemchukua wakaishi wote, mji mwingine.

Daktari alimpaka rangi menoni, akamsukutulisha. Palipo safi rangi hutoka. Penye uchafu hubaki. Meno ya mbele yaling'aa. Ya nyuma yalibaki mekundu. Mimi ndiye ninayemsugua meno, na macho yangu hayafiki huko siku hizi.

Yule daktari alinitazama, kisha akachukua pamba haraka afute kabla mwanangu hajaona. Mungu amjalie.

"Usifute, binti yangu," nilisema. "Muache aone."

Nikampa mwanangu mswaki, nikaushika mkono wake na kuuongoza hadi nyuma kabisa.

"Hapa mimi sipaoni tena. Wewe usipasahau. Polepole, baba, hufui jinzi."

Mtoto alicheka, akatema povu jekundu, akanishika kanga.

"Bibi, utakuja kunikagua? Usingoje miezi sita."